Ushirika wa maziwa Tanga umesimama, wa pamba kwetu ulikufa. Tatizo ni zao, sheria au sisi wenyewe?

#1 Pamba Nyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Bi mkubwa kanipigia jana kutoka Maswa. Kijijini wanaanzisha ushirika, wanasema utakusanya pamba na maziwa kwa pamoja. Kiingilio elfu kumi, hisa ya kuanzia elfu hamsini. Yeye ana ekari nne za pamba na ng'ombe wawili chotara. Anataka nimwambie alipe au asilipe, kana kwamba mimi niliyeko Tabata ndiye ninayejua.

Babu yangu alikuwa mwanachama enzi za Victoria Federation, kile chama kikuu cha pamba cha Usukumani. Ukimsikiliza utadhani anasimulia peponi: watoto walisoma kwa pamba, baiskeli kwa pamba, bati kwa pamba. Mimi nilichokikuta ni ghala lenye popo na mzani umeota kutu. Lakini mwaka jana nilikwenda msibani Muheza, Tanga, saa kumi na mbili asubuhi nikakuta watu wamepanga foleni na madumu yao kwenye kituo cha maziwa, na kituo ni cha ushirika. Hakuna anayegombana na mtu.

Nchi moja, sheria moja, Mrajis wa vyama vya ushirika mmoja. Kwa nini kule umesimama na kwetu ulikufa? Mwenye nondo ashushe.

#2 Mtumishi Hewa

Jibu ni fupi: wizi. Uzi ufungwe.

#3 Sungusungu84

Usifunge kwanza. Nimeketi hapa na karanga zangu.

#4 Mbege Baridi

Ushirika haukufa, uliuawa. Mwaka 1976 serikali ilifuta vyama vikuu vyote, kazi wakapewa vijiji na mamlaka za mazao. Wachagga tulikuwa na KNCU, chama chetu kikuu cha kahawa, tangu 1925, imejenga shule, imesomesha watu nje, ikazimwa kwa tamko. Kitu kimekaa miaka hamsini unakizima kwa siku moja, halafu unauliza kwa nini hakiamki vizuri?

#5 Mrajis Mstaafu

Mbege Baridi, nakurekebisha kidogo. Cha mwaka 1925 ni KNPA, kile chama cha wapanda kahawa wenyeji. KNCU ilisajiliwa 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932. Kwa hiyo mpaka 1976 ni miaka 43, si 50.

Ya 1976 ni kweli kabisa. Lakini tusijifanye kwamba kabla ya hapo kulikuwa na malaika. Rais aliunda kamati ya kuchunguza ushirika mwaka 1966, miaka kumi kabla ya kufutwa, na malalamiko yaliyokutwa ni haya haya: mizani, upendeleo, watumishi wengi wasio na kazi, viongozi wasiojua hesabu. Vyama vilikuwa vimekua haraka kuliko uwezo wa kuvisimamia. Baada ya uhuru serikali ilitaka ushirika kila mahali, hata palipokuwa hapana zao la kubeba gharama zake.

Kwa upande wa Usukumani, Victoria Federation iliundwa 1955, Paul Bomani na wenzake wakitokea kwenye harakati za wakulima kupinga mizani ya wanunuzi wa Kihindi. Kumbukeni hilo: chama kilizaliwa kwa sababu ya mzani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikageuzwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Vyama vikuu vilirudi kwa sheria ya 1982, lakini vilirudi kwa amri ya juu kama vilivyoondoka kwa amri ya juu. Mwanachama hakuulizwa mara zote mbili.

#6 Pamba Nyeupe

Mzee Mrajis, asante. Hilo la mzani nitamuuliza babu.

#7 Mama Mtindi

Habari zenu. Mimi ni mwanachama huku Muheza, inawezekana kabisa foleni uliyoiona nilikuwemo.

Kwanza, si kweli kwamba hatugombani. Tunagombana kila wiki. Ila ugomvi wetu unaisha saa mbili asubuhi kwa sababu maziwa hayasubiri. Nikuelezee yalivyo. Unafika na dumu lako, karani anakoroga, anamimina kwenye chombo, anatumbukiza laktometa. Ikisoma chini ya 28 umetia maji, hata ukiapa kwa jina la mama yako. Halafu anachukua maziwa kidogo anachanganya na spiriti kwenye kichupa. Yakikatika, yanarudi nyumbani. Yote hayo mbele ya watu kumi na tano wanaokujua. Juzi dada mmoja yamekatika lita kumi na mbili, kayabeba kichwani karudi nayo, jioni tumemuona na mtindi barazani anauza. Hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja wetu yameshamkatikia.

Wewe wa pamba unapima mara moja au mbili kwa mwaka, karani humjui, daftari hulioni. Sisi tunapima mara mia tatu sitini na tano. Mtu wa kukuibia itambidi akuibie kila siku mbele ya macho yako.

#8 Sungusungu84

Hapo #7 kaupiga mwingi. Wizi wa kila siku unachosha mwizi.

#9 Kibaoni Newala

Hoja ya Mama Mtindi nzuri, ila haielezi korosho. Korosho nayo ni ya msimu, na ushirika upo na una nguvu. Huku Newala na Tandahimba huwezi kuuza korosho nje ya chama cha msingi. Unapeleka AMCOS (ndicho hicho chama cha msingi), inapimwa, inakwenda ghala kuu, mnada, wanunuzi wanashindana, fedha inaingia benki. Mfumo huo, stakabadhi ghalani, una sheria yake ya 2005, kwetu ilianza msimu wa 2007/08. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja na lori na bei yake mfukoni.

Siku hizi mnada wenyewe ni wa mtandao, kupitia soko la bidhaa la TMX, watu wanaangalia bei kwenye skrini.

#10 Mtumishi Hewa

Kibaoni waambie na makato basi. Usituonyeshe harusi ukaficha mahari.

#11 Kibaoni Newala

Hahaha, nilijua utakuja. Makato yapo. Ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu, wa chama cha msingi, usafiri, ghala, magunia. Ukisikia mnada umefika 3,000 kwa kilo usikimbilie kuagiza pikipiki. Na kuna jambo linaitwa unyaufu: korosho ikikaa ghalani inapungua maji, uzito unashuka, kilo zinazopotea mtu lazima azilipe. Nani? Ndiyo vita ya kila mwaka. Mwenye ghala anasema chama, chama kinamwangalia mkulima.

Mimi mwenyewe chama chetu (sikitaji) kiliwahi kunikalia malipo miezi mitano. Karani aliandika akaunti ya jirani yangu, jirani naye akanyamaza kimya kama aliyemeza jongoo. Nilizipata. Jirani hatujasalimiana mpaka leo.

Ila nikupe cha upande wa pili. Mwaka 2018 wanunuzi walikuja na bei ya chini ya 3,000. Wakulima wa huku wakasema hatuuzi. Na hawakuuza! Mkulima mmoja mmoja mwenye gunia tatu angeweza kusema hivyo? Angeuza palepale, mtoto anadaiwa ada.

#12 Mrajis Mstaafu

Na baada ya kukataa kilitokea nini, Kibaoni? Maliza hadithi.

#13 Kibaoni Newala

Mzee hunipi hata nafasi ya kupumua. Sawa. Novemba ile ile serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaja kubeba. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alihakikiwa kwanza shambani, kuona kama ni mkulima kweli au ni kangomba. Wengi walikaa muda mrefu bila kulipwa. Kwa hiyo tulishinda bei, tukashindwa muda. Umeridhika?

#14 Mrajis Mstaafu

Nimeridhika.

#15 Binti Sayi

Kangomba ni nini kwa sisi wa mbali?

#16 Kibaoni Newala

Ni mtu anayenunua korosho kwako kwa bei ya kutupwa kabla ya mnada, mara nyingi kwa bakuli, halafu anazipeleka AMCOS kama za kwake. Ni kosa. Ila usiku wa kuuguliwa na mtoto, kangomba yuko hatua tano na benki iko Masasi.

#17 Senene Mbichi

Kagera tuna pacha wake, anaitwa butura. Kahawa inauzwa ikiwa bado maua. Mwenye fedha anakuja mwezi wa njaa anakupa laki, mavuno yakifika mti ni wako, kahawa ni yake.

Mimi nimesomeshwa kwa butura, sioni aibu kusema. Baba aliuza maua ya miti arobaini ili niende kidato cha tano. Viongozi wakija kwenye mikutano wanamtukana anayeuza butura kama mhaini. Lakini chama kilikuwa kinafungua msimu, kinatafuta mkopo benki, kinanunua kahawa ya maganda kwa malipo ya awali, malipo ya pili ukiyapata ni majaliwa. Mahitaji ya baba yalikuwa Januari. Ushirika ulikuwa na jibu la Julai.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu yangu hapa: ushirika wa maziwa umesimama kwa kuwa unalipa haraka. Si ukweli wa karani wala nini. Mtu akilipwa kila wiki mbili hana haja ya butura.

#18 Mbege Baridi

Senene naona mmesahau kutaja kahawa inayovuka kwenda Uganda usiku.

#19 Senene Mbichi

Haivuki, inatembezwa kuona ndugu.

#20 Sungusungu84

😂😂 Kahawa ina ndugu Masaka.

#21 Jirani wa Githunguri

Hamjambo, mimi ni Mkenya, nasoma tu lakini hili limenigusa. Senene ako sawa nusu. Sisi Kiambu tulianza 1961, wakulima 31, ndio Githunguri Dairy. Leo ina kiwanda chake na maziwa yake madukani, yale ya Fresha. Kulipa haraka ni muhimu lakini kilichotushika ni duka. Unachukua chakula cha ng'ombe kwa duka ya chama bila pesa, unaandikiwa namba yako, mwisho wa mwezi inakatwa kwa maziwa. Ng'ombe akitaka kupandishwa unaita mtu wa chama, inakatwa. Ukitoroka ukauzia mchuuzi, duka inakufungia. Sasa utaenda wapi na ng'ombe hajala?

Lakini msituone malaika. Wakati wa uchaguzi wa wakurugenzi hapa ni kampeni kama ya ubunge. Watu wanapewa hadi kuku.

#22 Pamba Nyeupe

Jirani karibu sana. Hapo kwenye duka ndipo hasa. Si pamba nayo ilikuwa hivyo hivyo? Mbegu na dawa kwa mkopo, unakatwa ukiuza?

#23 Mrajis Mstaafu

Ilikuwa hivyo, na hapa ndipo penye mfupa. Mkopo wa pembejeo unarudi ikiwa mazao yanapita mlango mmoja. Msimu wa 1994/95 soko la pamba lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na fedha taslimu. Mkulima mwenye deni la dawa kwenye chama akampelekea pamba mnunuzi binafsi aliyekuwa hamdai. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Chama kikabaki na deni la benki, jineri (viwanda vya kuchambua pamba) zinafanya kazi nusu ya uwezo, watumishi wanadai mishahara. Vyama vikuu vya pamba havikuanguka kwa wizi peke yake. Vilianguka kwa mlango wa pili kufunguliwa wakati bado vinabeba gharama za mlango mmoja.

Baadaye likaja pasibuku, mkulima anagongewa mhuri kwa kilo alizouza ili apate dawa mwaka unaofuata. Lilisaidia kidogo, likachezewa vilevile.

#24 Mtumishi Hewa

Kwa hiyo mzee unataka turudi kwenye mnunuzi mmoja anayepanga bei anayotaka? Babu zetu walikuwa wanalipwa kwa karatasi!

#25 Mrajis Mstaafu

Sijasema hivyo. Nimesema kilichotokea. Tangu 2018 pamba imerudi kupitia AMCOS, na msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa 1,200, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, pamba ikalala ghalani na wakulima wakasubiri fedha. Mlango mmoja nao unafungika.

#26 Shamba la Mawe

Naomba niseme kitu ambacho Wasukuma wenzangu hawatapenda. Nimekuwa karani wa mizani miaka miwili, chama kidogo wilaya jirani na Maswa. Tuliibiwa na chama, ndiyo. Na sisi tuliiba. Mkulima analeta robota, ukilikatua katikati unakuta mchanga. Wengine wanamwagia maji usiku, asubuhi limeongezeka uzito. Wengine chumvi, ili livute unyevu. Pamba fifi inafichwa ndani, ya daraja la kwanza inapangwa juu kama nyanya za sokoni.

Kisha jineri inalalamika, mnunuzi anashusha bei kwa wote, na yule mwaminifu analipwa sawa na mwenye mchanga. Mwaka wa pili mwaminifu naye anajifunza. Na mimi karani, nikijua ndani kuna mchanga, napunguza kilo mbili tatu kila robota "kufidia". Nani kaanza? Sijui. Nilipoacha kazi nilikuwa siwezi kutazamana na watu.

#27 Binti Sayi

Shamba la Mawe, hii ndiyo posti ya maana kuliko zote mpaka sasa. Pole na asante.

#28 Mama Mtindi

Narudi. Laktometa ndiyo inayotuokoa hapo kwa #26. Mwenye maji anajulikana papo hapo, maziwa yake hayaingii kwenye tangi la wote. Pamba mnaichanganya kwanza halafu ndiyo mnagundua.

Na Senene, kulipa haraka ni kweli, ila kiangazi watu wetu wanakimbia pia. Maziwa yakiwa machache, mchuuzi wa baiskeli anatoa zaidi ya kituo, foleni inabaki watu sita. Masika yakirudi, mchuuzi hamtaki mtu, wote mnarudi kituoni na nyuso za aibu. Chama chetu kiliweka kanuni: anayeleta kiangazi ndiye anayepokelewa yote masika. Mwingine ana kiwango. Ilileta kelele, ikakaa.

#29 Mtumishi Hewa

Mama Mtindi umesahau kutaja Waholanzi. Tanga haikusimama kwa laktometa. Kulikuwa na mradi, ng'ombe walitolewa, mafunzo kwenye chuo cha Buhuri, wataalamu, magari. Mtoeni Mholanzi tuone.

#30 Mama Mtindi

Sijasahau, ulikuwa hujauliza. Ni kweli, mradi ulianza miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi. Mama yangu alipata mtamba kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa jike mwenye mimba, ndama jike wa kwanza unarudisha apewe mwingine. Chama chetu kikuu, TDCU, kimeundwa miaka ya 1990 na kina hisa ndani ya kiwanda cha Tanga Fresh. Kwa hiyo kiwanda kikinunua maziwa, kinanunua kwa mtu ambaye ni mwenye kiwanda pia. Umeona tofauti na jineri?

Ila miradi ya wafadhili mbona ilikuja mikoa mingi? Mingine imeacha mabango tu. Wa kwetu uliacha ng'ombe.

#31 Pamba Nyeupe

Lakini Nyanza nayo ilikuwa na jineri zake, mama. Wakulima walikuwa wenye jineri.

#32 Mrajis Mstaafu

Kwenye karatasi.

#33 Fimbo na Shuka

Wakuu, mnaongea wakulima na wa ng'ombe wa banda. Sisi wafugaji wa kuhama, Kiteto, ushirika mnatuwekea wapi?

Nawapa kisa. Mwezi wa tisa nilipeleka maksai watatu mnadani. Hakuna mzani. Dalali anamshika ng'ombe mgongoni, anambonyeza ubavu, anasema bei. Mnunuzi naye anasema bei. Wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndiyo vinaongea, mimi mwenye ng'ombe nimesimama pembeni kama mgeni. Wawili waliuzika, wa tatu nilirudi naye kilomita kumi na nane kwa mguu, njiani amepungua zaidi. Wataalamu walishatuambia tuunde chama, tununue mzani, tuuze kwa kilo. Tuliunda. Mzani ulinunuliwa. Wanunuzi walikwenda mnada wa pili ambao hauna mzani.

#34 Mbege Baridi

Duh.

#35 Fimbo na Shuka

Na kuna jambo lingine. Ushirika wenu wote umejengwa juu ya kuuza. Mfugaji hauzi kwa sababu ng'ombe kanona, anauza kwa sababu kuna ada, ugonjwa au njaa. Ng'ombe ndiyo benki. Ukimwambia alete ng'ombe mia kwa pamoja mwezi fulani bei iwe nzuri, atakuuliza, "Nani kanidai?" Ila josho letu linakwenda vizuri mwaka wa tisa. Kila mwenye mifugo anachangia dawa kwa idadi ya vichwa, kijana mmoja analipwa kusimamia, daftari linasomwa chini ya mti siku ya kuogesha. Hatuna cheti cha Mrajis wala mhuri.

#36 Senene Mbichi

Huo ndio ushirika, ndugu yangu. Kilichobaki ni mhuri, na mhuri ukija, kulipana posho za vikao nako kunaanza.

#37 Mrajis Mstaafu

Naomba nitofautiane. Bila usajili hamwezi kukopa, kumshtaki atakayekimbia na fedha, wala kukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Siku kijana wa daftari akihamia Dodoma na michango mtamtafuta kwa sheria gani?

#38 Fimbo na Shuka

Tunajua boma la baba yake.

#39 Sungusungu84

#38 imefunga mjadala. COASCO ya kimila.

#40 Mbeba Boksi

Salamu kutoka Wisconsin, theluji mpaka magotini. Huku nimefanya kazi mashamba mawili ya maziwa, yote ya familia, yote yanauza kupitia ushirika. Marekani wana sheria ya 1922, Capper-Volstead, inayowaruhusu wakulima kuuza pamoja bila kushtakiwa kwamba wanapanga bei. Land O'Lakes, siagi mnayoiona kwenye filamu, ni ushirika wa tangu 1921. Organic Valley ilianzia hapa Wisconsin 1988, wakulima wachache tu mwanzoni.

Cha kuwaambia: ukubwa nao unaua kwa njia yake. Bosi wangu wa kwanza ni mwanachama wa ushirika mkubwa sana (si hao niliowataja). Anapata barua ya bei, hana anayemjua huko ofisini. Akilalamika anaambiwa yeye ndiye mwenye mali. Anacheka anasema, mwenye mali asiyeweza kumfukuza hata mlinzi. Mwaka 2019 aliuza ng'ombe wote.

#41 Mtumishi Hewa

Mbeba Boksi, katika mada zote za dunia hii huwezi kukosa la Wisconsin. Uzi wa mbege pia ulikuja na theluji.

#42 Mbeba Boksi

Baridi inakausha midomo mkuu, lazima tuongee.

#43 Binti Sayi

Nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Kadi ni ya nani? Kwetu pamba analima mama, anapalilia mama, anachuma mama na watoto, kadi ya chama ina jina la baba, na akaunti benki ni ya baba. Nimekua nikiona msimu wa pamba ni msimu wa baba kupotea siku nne. Ushirika "uliofufuka" haukubadilisha hilo hata chembe. Mkutano mkuu wanaume sitini, wanawake wanapika nyuma.

#44 Mama Mtindi

Kadi yangu ina jina langu. Mume wangu ana ya kwake ya machungwa. Sisemi Tanga wanaume ni wema kuliko Simiyu, ila maziwa yalianza kama kazi ya nyuma ya nyumba, hakuna mwanamume aliyeyataka mpaka yalipoanza kulipa. Walipokuja tulikuwa tumeshajiandikisha.

#45 Shamba la Mawe

Binti Sayi, siku za malipo karani nilikuwa naona kina mama wanasimama barabarani ng'ambo ya ghala, wanangoja mume atoke, wamrudishe nyumbani kabla hajafika senta. Kila mmoja anajifanya anauza mihogo.

#46 Pamba Nyeupe

Nimerudi, nilikuwa safarini. Nimesoma zote. Sasa nina sababu saba na kila moja ikisimama peke yake naiamini: 1976, wizi, mchanga, mlango wa pili, malipo ya Julai, Mholanzi, kadi ya baba. Nimempigia babu kumuuliza la mzani. Kasema kabla ya chama walikuwa wanapima pamba nyumbani kwa debe, wanahesabu, halafu wanakwenda nayo kwa mnunuzi wakijua jibu. Chama kilipoanza wakaacha kupima nyumbani. "Si ilikuwa yetu," kasema.

Sasa bi mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa mhadhara. Kumbe kashalipa tangu Jumamosi! Mkutano wa kwanza ulikaa, watu wakauliza nani atasimama kwenye mzani pamoja na karani, wanaume wakatazamana, yeye akanyoosha mkono. Wamemweka kamati ya mizani. Ameniagiza laktometa kutoka Dar, anasema nisimletee ya kioo kwa basi itavunjika.

#47 Mtumishi Hewa

Mpe hongera. Mwambie na mchanga asiusahau.

#48 Mrajis Mstaafu

Mwambie aombe kuona ukomo wa madeni kabla chama hakijakopa chochote. Mrajis anauidhinisha kila mwaka, na ni haki ya mwanachama kuusoma. Wengi hawajui kama upo.

#49 Mama Mtindi

Pamba Nyeupe, laktometa nyingi ni za kioo. Iviringishe kwenye khanga, iingize ndani ya chupa ya maji tupu. Na anunue mbili.

#50 Fimbo na Shuka

Mashudu ya pamba huko Maswa gunia shilingi ngapi msimu huu? Kiteto yanafika yakiwa ghali kuliko ng'ombe.

#51 Pamba Nyeupe

Nitamuuliza bi mkubwa. Lori linapita huko wiki ijayo, unataka mangapi?